Ofisi ilileta miwani ya VR Ruangwa kumfundisha Mama Hadija kuongea na wateja, nilichokiona sikukitegemea

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Hiki kitu nimekaa nacho kifuani tangu msimu wa kupulizia korosho, leo nimeona nikimwage hapa. Sitii chumvi. Asiyeamini afike Ruangwa mjini, aulize duka la pembejeo ambalo watu wakienda kununua dawa wanatoka wanacheka, atatukuta.

Mimi ni mtu wa Moshi, kazi ndiyo imenileta kusini. Nasimamia maduka mawili ya kampuni moja ya pembejeo, moja Nachingwea na lingine Ruangwa. Huku wote wananiita Mangi, hata ambao hawajawahi kuniona nauza kiberiti.

Makao makuu yetu yako Dar. Makao makuu yana HR. Na HR ana mambo.

Siku hiyo ikaingia email kwamba sisi wa mikoani tutapewa mafunzo ya soft skills kwa kutumia VR. Tulikuwa tumeomba feni, wakuu. Tukaletewa miwani.

Kwa ambao hamjakutana nayo: ni lidude unalivaa usoni, kubwa kama la fundi wa kuchomelea. Ukishavaa huoni tena ulipo. Unajikuta kwenye ofisi ya vioo, mbele yako kuna mteja wa kutengenezwa, amefura, na kazi yako ni kumtuliza. Mashine inasikia unavyoongea, inajua macho yako yako wapi, mwisho inakupa maksi.

Aliyekuja nayo anaitwa Lilian. Dada wa HR, mpole, msomi, kila sentensi ina neno "journey". Nilimpokea stendi Nachingwea, kafunikwa vumbi hadi kope, bado anatabasamu. Hapo nikamheshimu.

Nachingwea mimi ndiye nilianza, kuonyesha mfano kama kiongozi.

Mteja wa mle ndani anaitwa Bwana Baraka. Kavaa suti. Anaongea Kiswahili cha mtu anayesoma risala. "Nimesubiri mzigo wangu kwa muda mrefu na sijaridhishwa na huduma yenu." Akanisogelea. Nikarudi nyuma. Akasogea tena. Nikarudi tena, nikakalia mfuko wa salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, uliokuwa wazi.

Niliondoka pale suruali ya njano. Wateja waliokuwa dukani walipiga makofi. Mashine ikanipa sitini na mbili, ikasema nimekosa utulivu.

Vijana wangu wa Nachingwea walipita bila shida, vijana wa simu hao, hawashangai kitu. Mimi nikarudia kesho yake nikapata sabini na kitu, suruali nyingine.

Sasa tatizo lilikuwa Ruangwa. Na tatizo lilikuwa na jina.

Mama Hadija ndiye muuzaji wetu wa dirishani pale. Mmwera, mjane, hamsini na ushee, analea wajukuu wawili. Yule mama anajua kuuza, acheni. Ila mdomo wake, wakuu, hauna breki.

Niwaeleze kitu kwanza, maana mtu wa mikoa mingine hawezi kuelewa. Huku utani wa makabila uko hai. Mmwera, Mmakonde, Myao, Mmakua, wakikutana hapo dirishani wanavyotukanana unaweza kuita mgambo. Mimi mwezi wangu wa kwanza nilitaka kuita kweli. "Nipe dawa we mama mchoyo!" "Dawa ya nini, mikorosho yako imekauka kama miguu yako!" Halafu wanacheka, wanaulizana habari za watoto, mtu anaondoka na mzigo. Mtani hanuni. Ukinuna unaonekana wewe ndiye huna adabu.

Mama Hadija yeye kashazoea kumtania kila mtu, awe mtani asiwe mtani. Na siku hizi Ruangwa imejaa wageni. Kuna watumishi wa Kilimanjaro, Mbeya, Bukoba, kuna ndugu zetu wafugaji wa kanda ya ziwa. Afisa mmoja mrefu sana aliwahi kuulizwa pale dirishani, "Baba, wewe ulikuwa unamwagiliwa na nani?" Akalalamika Dar. Mwingine naye akalalamika, hilo la kwake siliandiki hapa, kuna watoto.

La tatu ndilo lililoleta balaa. Mwalimu mmoja wa sekondari, mwenyeji wa Sumbawanga, alikuwa amehamia Ruangwa muda si mrefu na kakodi mikorosho kidogo. Alikuja dukani kimya kimya kununua dawa. Mama akamtazama, akamwambia, "Mwalimu, uso huo vipi, umetoka kuzika au unaenda kuzika?"

Foleni ikacheka. Mwalimu akaweka dawa chini, akatoka. Jioni akapiga simu makao makuu, na hiyo simu nasikia ilikuwa ya moto.

Kwa hiyo Lilian alikuja na maagizo mawili. La kwanza, mlalamikaji asifuatwe na mtu, suala lake liko Dar. La pili, Mama Hadija apate maksi sabini kwenye miwani kabla wiki haijaisha. Mkataba wake ulikuwa unaishia mwezi ule ule. Asipofika sabini, hauongezwi.

Nilimwambia mwenyewe, nimemsimamisha nyuma ya duka. Niliona ameshika nguzo.

"Mangi, wajukuu wakienda shule, mimi nyumbani nikakae na nani?" akasema.

Nikamwambia tutajaribu.

Siku ya kwanza, Lilian akamvalisha miwani, mimi naangalia kwenye tablet kinachoendelea mle ndani. Mama kitu cha kwanza kufanya alipoona ile ofisi ya vioo:

"Hodi!"

Kimya. Akapiga hodi nyingine. Lilian akamwambia, "Mama, umeshaingia." Mama akasema ameingiaje na hajakaribishwa.

Bwana Baraka akaanza risala yake. "Nimesubiri mzigo wangu..."

"Salamu kwanza, baba. Hujambo? Habari za kwenu?"

"...na sijaridhishwa na huduma yenu."

"Kwenu wapi?"

Bwana Baraka akakaa kimya, maana hakuna aliyemtengenezea jibu la hilo swali. Kisha akarudia yale yale kuanzia mwanzo. Mama akanigeukia na lile lidude usoni, ananiongelesha mimi lakini kaangalia friji ya dawa za chanjo. "Mangi, huyu mtu hana kwao. Nitaongeaje na mtu hana kwao?"

Lilian akamsihi aendelee. Mama akaendelea. Akamwangalia Baraka toka juu mpaka chini.

"Suti yote hiyo na jua hili la Ruangwa! Umetoka kuoa wewe, au ndio unatafuta?"

Mashine ikampa kumi na moja.

Lilian alijikaza jamani, lakini niliona mabega yanatikisika. Alienda kucheka nyuma ya duka, akarudi amenawa uso, akasema, "Mama, we have a long journey." Akatuachia miwani tufanye mazoezi, mtihani Ijumaa, matokeo yanakwenda Dar yenyewe kwa intaneti. Yeye akaenda Lindi kuwatesa wengine.

Wiki ile nikawa nashinda Ruangwa. Asubuhi pikipiki kutoka Nachingwea, vumbi, miwani, Baraka. Jioni vumbi tena.

Nilimfundisha Mama zile sentensi za kwenye mwongozo. "Naelewa jinsi unavyojisikia." Mama akaniuliza, "Naelewaje wakati hajaniambia?" Nikasema sema tu hivyo hivyo. Akasema kwa sauti ambayo ungedhani anamtishia mtu. Maksi ishirini na kitu.

Tatizo lake lilikuwa moja. Baraka akitua kidogo kupumua, Mama keshaingia. Hawezi kuona pengo la maneno akaliacha hivi hivi. Wateja wa vijiji vya Naipingo na Ruponda waliokuja kununua dawa wakawa wanakaa kwenye kibaraza kutazama tablet kama mpira, wanamshangilia Baraka.

Katikati ya wiki nikaanza kukata tamaa. Nikamwambia tupumzike, tule kwanza. Akanunua ming'oko kwa mama anayepitisha na beseni. Kwa asiyeijua, hiyo ni mizizi ya porini inachemshwa, inaliwa kama mhogo, na ukishaiweka mdomoni huongei mpaka uimalize.

Mama kamenya, kajaza mdomo, halafu katikati ya kutafuna akakumbuka Ijumaa. Akachukua miwani mwenyewe, akavaa.

Baraka akaanza. Nimesubiri mzigo, sijaridhishwa. Akatua.

Mama mdomo umejaa. Akatikisa kichwa tu. "Mmh."

Baraka akaongea tena. Akatua. "Mmh."

Hapo wakuu nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona, wala vijana wa Nachingwea hawakukiona, kwa sababu sote tulikuwa tunamwahi kwa zile sentensi za mwongozo. Baraka alishusha mabega. Sauti ikapungua. Akatazama chini, akasema, "Samahani. Ule mzigo ulikuwa dawa ya mama yangu. Hali yake si nzuri."

Mama Hadija akameza. Akavua miwani taratibu, akaishika mapajani. Macho yamejaa maji.

"Mangi. Kumbe ana mama."

Nikaangalia tablet. Sitini na tisa. Nikaruka, nikapiga kelele, Mama umebakiza moja tu! Watu wa kibarazani nao wakashangilia. Yeye hata hakugeuka.

"Yule Mwalimu," akasema. "Mimi yule Mwalimu sikumwacha aseme."

Nikajua anakokwenda. Nikamwambia hapana. Nikamkumbusha agizo la Lilian, mlalamikaji asifuatwe, ukimfuata ukaharibu, hata hiyo sabini haitakusaidia. Nilikuwa mkali kidogo, nakiri, maana hata mimi ningeulizwa.

Akajifunga kanga. Akasema, "Wewe kaa na Baraka. Mimi naenda."

Nikamfuata. Ningefanyaje?

Mwalimu tulimkuta kwake, anafua nguo. Shule zilikuwa likizo, nyumba za walimu karibu zote zimefungwa, wenzake wameondoka kwenda makwao. Alipomwona Mama uso ukabadilika. Akatukaribisha kwa adabu ya kazi, akatoa viti viwili, yeye akabaki kasimama na fulana mbichi mkononi.

Salamu zikaisha. Mama akasema, "Mwalimu, siku ile ulikuja dukani nikaongea mimi. Leo nimekuja kusikiliza."

Halafu akanyamaza.

Wakuu, mimi kunyamaza kwa watu kunanichoma. Maji yanadondoka kwenye ile fulana, mimi natafuta cha kusema, hali ya hewa, bei ya korosho, chochote. Nikafungua mdomo. Mama akanikanyaga mguu.

Mwalimu akakaa chini, kwenye ndoo aliyoigeuza. Akasema siku ile asubuhi alipigiwa simu kwamba baba yake amefariki Sumbawanga.

"Waliponipigia walikuwa wameshachimba kaburi," akasema. "Kutoka hapa mpaka kule, hata ningepaa nisingemkuta juu ya ardhi. Nikakaa ndani. Nikaona nitachizika. Nikasema ngoja nikanunue dawa ya korosho, angalau niwe natembea."

Akamtazama Mama. "Ukaniuliza kama nimetoka kuzika. Mama, ningekuwa nimetoka kuzika ningekujibu vizuri tu. Mimi sikumzika baba yangu."

Mama Hadija aliweka mkono mdomoni. "Nnungu wangu," akasema, akimwita Mungu kwa Kimwera.

Mimi niliangalia pembeni.

Baadaye kidogo Mama akauliza, "Umekaa matanga na nani?"

"Na nani, Mama? Hapa nilikuwa simjui mtu."

Tuliporudi, njia nzima Mama alikuwa anahesabu kitu kwa vidole.

Ijumaa akafanya mtihani. Nilitegemea atapita kwa urahisi sasa. Kumbe ule mtihani walikuwa wamebadilisha mteja, safari hii ni dada mmoja mwenye mkoba. Mama akamsikiliza, akamsikiliza, akamsikiliza. Dada alipomaliza kila kitu, Mama akawa bado anasikiliza. Mashine ikaona huyu amelala. Sitini na sita.

Matokeo yakaenda Dar yenyewe, kama tulivyoambiwa. Lilian akanipigia, sauti ya huzuni kweli, akasema Jumatatu uongozi utakaa kuamua ila nisitegemee sana. Nikaenda kumwambia Mama. Nilimkuta anahesabu sahani za kuazima.

"Sawa," akasema. "Kesho njoo kwa Mwalimu na viti."

Jumamosi mchana nilipofika kwa Mwalimu na viti kwenye bodaboda, nilikuta uwanja umejaa. Mikeka imetandikwa, akina mama wa mtaani kwa Mama Hadija wanasonga ugali, mbaazi ziko jikoni. Mwalimu kakaa mlangoni na shati jeupe, haelewi aweke wapi mikono. Yeye Mkatoliki, wengi waliokuja Waislamu, kila mtu akaomba kwa namna yake na hakuna aliyeona tabu. Msiba ulikuwa haujakaliwa, sasa unakaliwa. Ndiyo maelezo yote niliyopewa.

Mwalimu kwao ni mbali, watani wake hawako huku. Mama akamwambia, "Leo tutakuwa sisi."

Huku mtani ndiye anayeufanya msiba usiue watu. Anatania hadi waliofiwa wanacheka. Na kazi yake moja ni kumwigiza marehemu, alivyoongea, alivyokula, alivyogomba.

Aliyekuja kwa kazi hiyo ni Fundi Chitanda, fundi baiskeli, Mmakonde, mtani mkubwa wa Mama. Aliingia analia kwa sauti kuliko wote. "Baba yangu weee! Umeniachia huyu mtoto, hajui hata kubangua korosho!"

Mikeka yote ikacheka. Mwalimu akashtuka, akaangalia huku na huku. Nikaona Mama Hadija anamwangalia yeye tu.

Chitanda akajitupa kwenye kiti cha Mwalimu, akasema yeye ndiye marehemu, amerudi kukagua, aletewe chai. Akainuka atembee kama marehemu. Akapiga hatua moja, akasimama.

Akageuka. Utani umemtoka kabisa usoni.

"Mwalimu, nisaidie. Mzee alikuwa anatembeaje? Sikuwahi kumwona. Sitaki kumkosea."

Hata waliokuwa wanasonga ugali waliacha mwiko.

Mwalimu akasimama. Akaweka mkono mmoja nyuma ya mgongo. Akainama kidogo upande wa kushoto, akakohoa kikohozi cha wazee, akaanza kutembea. Polepole, mguu mmoja anauburuta, kila baada ya hatua chache anasimama, anaangalia juu kama anakagua mvua, anaguna, anaendelea.

Chitanda akamfuata nyuma, anaiga. Mkono nyuma, mguu unaburuta, wanaguna pamoja.

Watu wakaanza kucheka. Mwalimu naye akacheka. Wakuu, ndiyo mara yangu ya kwanza kuona meno ya yule mtu. Akazunguka uwanja mzima anacheka, anatembea kama baba yake, hadi akafika kwenye kona ya nyumba. Hapo akaegemea ukuta na paji la uso, na akalia kilio ambacho mtu alikuwa amekiweka muda mrefu.

Mama Hadija alikwenda akasimama pembeni yake. Alisimama tu hadi alipomaliza.

Jumatatu Lilian akapiga simu kabla sijamaliza chai. Mwalimu mwenyewe alikuwa ameshapiga makao makuu, hakuna aliyemtuma. Malalamiko ameyafuta, na amewaambia yule mama akiondolewa pale dirishani, yeye hatanunua tena kwetu hata kamba. Mkataba umeongezwa, kwa sharti la kurudia miwani mwakani.

Lilian akataka kuandika ripoti. Akaniuliza, "Kaka, mlitumia approach gani na mteja?"

Nikafikiria namna ya kuliweka kwa lugha yao. Sikupata. Nikamwambia, "Tulimzikia baba yake."

Alikaa kimya kwenye simu kwa muda mrefu. Na mimi, kwa mara ya kwanza, nikamwacha.

Kabla hamjaniuliza: ndiyo, Mama bado anatania. Jana kamwambia mteja wa Mtua kofia yake inafaa kufugia kuku. Ila sasa anauliza kwanza "kwenu wapi?" na "mmeamkaje?", na anasubiri jibu hadi liishe. Akiona mtu jibu lake fupi, utani anaurudisha ndani.

Ninachoweza kusema, ile miwani niliicheka sana, na sasa naicheka kidogo. Bila Baraka yule mama asingejua kwamba mtu ukimwacha amalize kuna jambo jingine chini. Ila mashine iliishia hapo kwenye kusikia. Viti, mbaazi na Chitanda hakuna aliyemfundisha Mama.

Haya wakuu, wenye vituko vya semina za ofisini kwenu vileteni, tucheke. Na kama kuna mtu humu aliyepigiwa simu ya msiba akiwa mbali, akafunga simu, akaenda kazini kama kawaida, andika tu hapo chini marehemu alikuwa anatembeaje. Hakuna atakayekukatisha.